Tope la Mwezi wa Sita

Norbert alizaliwa Kalundu, bandari ya Uvira, mahali ambapo mtoto hujua kuogelea kabla hajajua kusalimu wakubwa, lakini maji hakuyapenda hata siku moja. Baba yake alivua ndagala, dagaa wa ziwa. Alipomwona kijana wake kila mara amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akisoma vipande vya gazeti vilivyofungiwa chumvi, alijua nyavu zake hazitakuwa na mrithi, akampeleka kwa mapadri. Huko Norbert alikaa mpaka akatoka na cheti cha ualimu, suruali mbili za kaki, na tabia moja ambayo haikumtoka tena: akiona karatasi iliyoandikwa, lazima aigawe kwa mstari katikati.

Mstari huo ulikuwa desturi ya kalasi yake katika shule ya mapadri, Uvira. Kila Jumamosi mwanafunzi mmoja alisoma insha yake mbele ya wenzake, kisha mwalimu akachora mstari ubaoni toka juu hadi chini. Kushoto wenzake walitaja uzuri wa insha, kulia udhaifu wake, na mwandishi alisimama kimya, haruhusiwi kujitetea. Mtoto akianza kulengwalengwa na machozi, Norbert alimwambia maneno yaleyale: "Insha haina mtu. Tunasahihisha karatasi." Aliyaamini hasa. Hata barua ya baba mkwe ilipofika kabla ya harusi, aliirudisha ikiwa na mstari katikati na alama sita juu ya kumi. Harusi ilichelewa mwaka mzima, na mkewe Apolline hajamsamehe mpaka leo, ingawa hucheka anapoisimulia.

Uhuru ulipokuja mwishoni mwa mwezi wa sita, 1960, padri direkteri, mkuu wa shule, aliondoka, na vitabu vya kusomea vikaondoka naye, au viliondoka vyenyewe baadaye. Kila mtu alikuwa na habari yake. Norbert alibaki na kalasi ya tano, wanafunzi hamsini na wawili, na kabati lenye ufunguo mzuri lakini tupu. Basi mwezi wa tatu wa mwaka 1961, mvua ikipiga bati hata mwalimu mwenyewe hajisikii, alianza kuandika kitabu chake katika daftari la kurasa mia, apate cha kuwasomea watoto.

Kilikuwa kisa cha fumbo. Wiki tatu kabla ya uhuru, sanduku la chuma lenye karatasi za mtihani linatoweka shuleni. Mwanafunzi anayesimulia, "mimi" asiye na jina, anafuata alama moja baada ya nyingine: kufuli ambalo halikuvunjwa, mafuta ya taa yaliyomwagika kizingitini, na mwishowe nyayo katika tope la njia ya bustani. Mguu wa kushoto wa nyayo hizo hauna kidole gumba. Sanduku limezikwa bustanini, na aliyelizika ni mlinzi wa shule. Kila sura ilianza na mahali na tarehe, maana hivyo ndivyo alivyowafundisha watoto kuanza kila ukurasa: Uvira, tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita, 1960.

Mlinzi wa kwenye hadithi hakupewa jina, wala hakulihitaji. Shule ilikuwa na mlinzi mmoja tu, Libérat Ndihokubwayo, mkulima wa bonde la Ruzizi, mtu wa maneno machache aliyekohoa mara mbili kabla ya kufungua lango. Jembe lilimkata kidole gumba cha mguu wa kushoto enzi za pamba ya kulazimishwa. Norbert alimwona kila asubuhi kwa miaka, na siku alipohitaji mguu wa kuweka katika tope, aliuchukua uliokuwa karibu. Hakumwomba ruhusa. Sura ile iliposomwa, watoto hamsini na wawili waligeuka kwa pamoja kutazama dirishani, ambako Libérat alipenda kusimama kusikiliza. Alitabasamu kidogo, akarudi langoni kwake.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeona kasoro. Apolline alisomewa kisa chote nyumbani kwao Kilibula, akichambua maharage, na mwisho akauliza bila kuinua kichwa:

"Baba Sabine, mwezi ya sita ile tope ilitoka wapi?"

Norbert alikaa siku mbili bila kumsemesha. Alijua amepatikana. Mvua ikishakata mwishoni mwa mwezi wa tano, Uvira ni vumbi mpaka wa tisa. Hata kuku wanajua. Lakini yeye aliandika huku mvua ikimpigia bati, na mvua ikaingia daftarini bila hodi. Sasa fumbo zima lilisimama juu ya nyayo zile. Akitoa tope, kisa kinaanguka. Akihamisha mwezi, mtihani na uhuru vinaanguka. Akaliacha lilivyo, akajiambia kwamba hadithi tamu haiulizwi mvua yake. Na kweli, kalasi nzima haikuuliza.

Mwezi wa tano wa 1964 wanamapinduzi waliuteka mji. Ndivyo waasi hao walivyojiita, na Uvira yote ilijifunza upesi kuwaita hivyo. Ukitaka kuufunga mji kama Uvira huhitaji ukuta: nyuma kuna milima, mbele kuna ziwa, na katikati kuna barabara moja. Waliweka watu wao kwenye barabara, wakazuia mitumbwi ya Kalundu, basi, mlango ukawa umefungwa. Asubuhi ungeweza kuona vilima vya Burundi ng'ambo, karibu kabisa, na usiweze kwenda hata nusu ya njia.

Waliosoma ndio waliotafutwa kwanza. Karani mmoja wa mtaa wa Kimanga alichukuliwa kwa sababu ya kalamu iliyokuwa mfukoni mwake, na hakurudi. Norbert alifukia cheti chake nyuma ya choo, pamoja na tai na viatu vyake vya ngozi vyenye chuma kisiginoni, viatu pekee vya namna hiyo shuleni, akaanza kutembea peku kama mtu asiyejua shule ni nini. Alikaa ndani. Alihesabu mbao za dari, akazihesabu tena. Sabine, binti yake wa miaka mitano, alifundishwa kusema kwamba baba yake anauza mihogo. Apolline alikwenda sokoni na kurudi na habari, na kila habari ilikifanya chumba kuwa kidogo zaidi. Kitu kimoja Norbert alikisahau katika hofu yote ile: daftari lake lilikuwa bado katika kabati la kalasi ya tano.

Wanamapinduzi waligeuza shule kuwa kambi yao. Mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, watu wawili walisimama mlangoni kwa Norbert, wakamwita kwa jina na kwa kazi yake. Muuza mihogo aliishia hapo. Wakampeleka shuleni, na bustanini akaona mashimo, kumi na zaidi, na maua ya padri yamelala huku na huku juu ya vumbi.

Katika kalasi ya tano, chini ya ubao, Libérat alikuwa ameketi amefungwa mikono, jicho moja limevimba likafunga. Nyuma ya meza ya mwalimu aliketi kamanda. Jina lake lilikuwa Modeste, yaani mnyenyekevu, na ni jina tu. Mbele yake palikuwa na daftari. Jalada lilishang'olewa, na kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kuvutiwa tumbaku.

"Mwalimu," kamanda alisema, "hii kaye ni yako?"

Norbert alitazama mwandiko wake. "Ni yangu, komanda."

"Nimeisoma mara mbili. Unajua kuandika." Alipapasa ukurasa kwa kiganja. "Wazungu balificha kitu hapa mbele ya uhuru. Uliona, ukaandika tarehe, ukaandika mahali. Tumechimba siku mbili, sanduku haiko. Huyu mulinzi alilihamisha. Sasa utasema mbele yake ile uliona."

"Sikuona kitu, komanda. Ile ni hadithi. Nilitungia batoto."

"Kila mwalimu anasema vile. Hadithi haianzake na tarehe." Kamanda aligeukia dirisha. Upande wa magharibi milima ilikuwa imesimama karibu, jua likiwa bado upande wa ziwa. "Jua ikiingia nyuma ya mulima na sanduku haijaonekana, huyu atapelekwa Kalundu, hatarudi. Na weye, kama ulidanganya mapinduzi, mutaenda pamoja."

Hapo ndipo Norbert alipoona alivyojipalia makaa. Akisema kisa ni kweli, Libérat anakufa. Akisema ni uongo, hakuna anayemwamini, na Libérat anakufa vilevile. Alimwangalia mlinzi, na mlinzi alikuwa akimwangalia kwa jicho lake moja, si kwa hasira. Alimwangalia kama mtu anayengoja kuelezwa jambo. Norbert aligeukia ubao. Mkono wake wenyewe ndio uliotafuta chaki kwenye ukingo wa ubao.

"Komanda," alisema, "uniache nisahihishe. Nikishindwa kukuonyesha ni uongo, ufanye ile unataka."

Akachora mstari toka juu hadi chini. Alipotaka kuanza kulia, kwenye udhaifu, kamanda alimzuia kwa kidole.

"Hapana. Minye nilisoma mpaka kalasi ya ine. Kazi ya muntu, unaanza kwanza na mazuri."

Basi Norbert alisimama katika kalasi yake mwenyewe akiutaja uzuri wa hadithi yake, na kila uzuri ulikuwa kamba shingoni mwa Libérat. Aliandika: mlinzi anaonekana kama mtu hai. "Ni kweli," alisema kamanda. "Ile ya kukohoa mara mbili. Nilifika kwa lango, akakohoa mara mbili, nikajua ni yeye." Aliandika: alama zinafuatana vizuri, msomaji habahatishi. "Ile njo ilifanya nisilale," alisema kamanda. Aliandika: mahali panajulikana. Kamanda alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa alikuwa amepachimba pote. Norbert alikuwa amesubiri miaka mitatu kusifiwa hivyo na mtu mzima. Ndani ya hofu yake yote palikuwa na kipande kidogo kilichofurahi, na alikichukia kipande hicho.

Alihamia kulia. Aliandika: sanduku la chuma lililojaa karatasi halibebwi na mtu mmoja.

"Huyu alilima pamba miaka kumi," alisema kamanda. "Atabeba."

Aliandika: sababu ya wizi ni dhaifu. Katika kisa, mlinzi anaficha mitihani ili iahirishwe, kwa kuwa mtoto wake ni mgonjwa.

"Ile njo sababu alikupa weye. Sababu ya kweli, Padri alimutuma." Kamanda alikuwa amezama kabisa, kama wale watoto wa Jumamosi. "Endelea."

Hoja za upande wa kulia zilikuwa zinakwisha na jasho lilikuwa linamwingia Norbert machoni. Aliona wazi kwamba kisa chake kilikuwa kizuri mno. Kila tundu alilolionyesha, msomaji huyu alikuwa tayari kuliziba mwenyewe. Ndipo akakumbuka maharage, na mwanamke asiyeinua kichwa. Aliandika kwa herufi kubwa: MWEZI WA SITA HAKUNA TOPE.

"Komanda, fungua pale pa nyayo. Tarehe ngapi?"

Kamanda alilamba kidole, akafunua. "Kumi na mbili. Mwezi ya sita."

"Weye ni mwana wa wapi?"

"Bonde. Kule kwa mashamba ya pamba."

"Mwezi ya sita kule kwenu, muntu anaweza kuacha mguu katika tope? Kidole ngapi zilibaki, ngapi zilikatika, vyote vinaonekana?"

Kamanda alisimama akaenda dirishani. Nje upepo ulipita juu ya mashimo yake, ukainua vumbi na kulimwaga juu ya viatu vya watu waliokuwa wamechimba siku mbili katika udongo mkavu kama unga wa muhogo, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Norbert alijua kwamba mtu aliyeaibika mbele ya watu wake ana hatari kuliko mtu aliyekasirika.

"Nani alikuonyesha hii makosa?" kamanda aliuliza bila kugeuka.

"Bibi yangu, Mama Sabine."

"Alisoma?"

"Kalasi ya pili."

Mmoja wa wale wawili waliomleta, waliosimama mlangoni, alicheka, akajizuia, wa pili akashindwa, na mwishowe mabega ya kamanda nayo yakaanza kutikisika. "Bibi yako angekuwa komanda," alisema. Akaamuru Libérat afunguliwe kamba.

Ingekuwa hadithi ya Norbert, ingeishia hapo. Lakini kamanda alirudi kwenye meza, akaonyesha mahali kurasa zilipochanwa.

"Bajinga balivuta mwisho. Sitaki kufa bila kujua yule mulinzi alifanywa nini. Weye utakaa humu, utaandika tena kaye yote, mpaka mwisho. Na ile tope utaitengeneza." Akamtazama Libérat akijisugua mikono. "Na weye, si weye mulinzi? Utamulinda."

Hivyo mwalimu akafungiwa katika kalasi yake, na mlinzi aliyeponea chupuchupu akaketi nje ya mlango wake na filimbi shingoni. Dirisha lilipigiliwa mbao, ukabaki upenyo wa kiganja. Norbert alipewa daftari jipya na kalamu mbili. Asubuhi aliandika na mchana alichana. Kila alipoandika neno "mlinzi" alisikia mtu akikohoa mlangoni. Tena kulikuwa na jambo lililomtia baridi: akilitengeneza tope, akikifanya kisa kiwe kamili, siku akija kamanda mwingine asiye na kicheko, ni mguu wa nani utatafutwa? Alimwomba Libérat msamaha siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakujibiwa.

Siku ya kumi, mchana, Libérat aliingiza sahani ya ugali na ndagala aliyoileta Apolline. Hakuondoka.

"Mwalimu, unasemaka insha haina muntu. Nilisikia pale dirisha, miaka yote. Ile ilikuwa na muntu."

"Ndiyo, Papa Libérat."

"Ulikuwa unanichukia?"

"Hapana. Hata siku moja."

"Ile njo inaniuma," alisema Libérat. "Kama ulinichukia, ningejua sababu."

Norbert aliiweka sahani chini. Alilia, na hakuficha. Baadaye aliuliza, "Sasa nifanye nini? Komanda anataka mwizi."

Libérat alifikiri. "Weka mguu yako," alisema, akafunga mlango.

Basi aliuweka. Katika daftari jipya mwizi wa sanduku ni mwalimu wa kalasi ya tano, mwenye kidole cha kati kilichoota sugu kwa kalamu, na nyayo za njia ya bustani ni za viatu vya ngozi vyenye chuma kisiginoni. Alijitazama kama alivyokuwa akimtazama Libérat, bila kujihurumia. Alimpa mwizi majivuno yake, na barua ya baba mkwe, na ile furaha ndogo aliyoisikia siku ya kusifiwa. Kilikuwa kisa bora kuliko cha kwanza. Kitu kimoja hakukigusa: aliliacha tope katika mwezi wa sita, palepale, kuwa mlango wake kama siku moja atahitaji kutoka. Kamanda alisoma sura moja kila juma, akakimbilia kurasa za mbele kuona nani atashikwa, na habari ya mvua akaisahau kabisa.

Mwezi wa kumi milio ya bunduki ilisikika kutoka bondeni. Kabla ya saa sita mchana wanamapinduzi walikuwa wamepanda milimani, na kamanda aliacha meza, kiti na daftari. Libérat alimfungulia Norbert mlango. Wote wawili walikuwa bado wamesimama uani, hawajui waende wapi, wanajeshi wa serikali walipoingia na lori lao. Hao walitafuta wale waliowafanyia waasi kazi ya kalamu, na hawakukawia kulipata daftari.

Luteni wao alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alifunua, akasoma tena. Akatazama kidole cha kati cha Norbert. Kisha akamgeukia Libérat, aliyekuwa na kovu juu ya jicho na filimbi shingoni.

"Hii inasema mwalimu aliiba sanduku, akalizika hapa. Weye ni mulinzi. Ulikuwako. Ni kweli?"

Norbert alifumbua kinywa kutaja tope. Libérat alikohoa mara mbili.

"Ile ni insha tu, luteni," alisema. "Haina muntu."

Luteni aliutazama uso wa mlinzi, lile kovu ambalo hakuna aliyehitaji kumweleza lilitoka wapi, akalitupa daftari juu ya vumbi na kwenda kukagua vyumba vingine. Libérat hakumtazama Norbert. Aliliokota, akalipangusa kwa mkono wa shati, akamkabidhi. Norbert alilipokea bila neno, maana mwandishi haruhusiwi kujitetea.